Sakafu ya Mbele ya Ukumbi

Kabula, mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza kwa kuuliza hali, kisha mtu anaeleza dhumuni. Hali yako naijua. Mchana huu umekula sato mzima peke yako ukaniachia kichwa, kwa hiyo hapo naparuka. Dhumuni ndilo linalonisumbua. Hii ni karatasi ya tatu. Mbili za kwanza mama yako ameshawashia jiko.

Sasa hivi ninyi wawili mmekwenda Butimba kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi shangazi anavyojua kumchelewesha mgeni, najua nina saa mbili au tatu. Nimekaa barazani, nimeweka karatasi juu ya kipande cha tailizi, na mwandiko ni huu huu wa darasa la saba. Usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Mambo ya safari siyagusi. Pasipoti, sweta, namba ya mwenyeji wako Kampala, usinunue kila kinachopitishwa dirishani mwa basi: mama yako ameyarudia hayo mpaka paka wa jirani ameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na ni kosa langu. Mwanzoni nilitaka niliandike niliweke kwenye begi ulikute huko mbele. Kisha nikakaa nikaona hapana. Barua ya kusomwa mtu akiwa mbali ni ya baba anayekimbia. Nataka uisome usiku huu, ukiwa bado hapa, nami nikiwa karibu, ili kama utataka kunisemesha unisemeshe.

Nianze na sakafu.

Mwaka uliozaliwa nilipata kazi ya kumwaga zege mbele ya ukumbi wa mtaa, hapa Mabatini. Nilikuwa kijana, nimeanza kujitegemea juzi juzi tu, na nilitaka kila mtu ajue kuwa Masanja ni fundi. Uwanja wa nje, fundi mwenye akili anauacha ukwaruze kidogo ili watu wasiteleze mvua ikinyesha. Mimi nikaupiga niru, ule uji wa saruji wa kung'arishia, kama sebule ya mkubwa fulani. Siku tatu nilikuwa nimepiga magoti na mwiko, nasugua, nanyunyiza maji, nasugua tena. Ulipokauka ungeweza kuyatazama meno yako humo. Wiki ya kwanza ikapita kwa sifa. Wiki ya pili ikafungwa harusi, mvua ikanyesha, na bwana harusi akaingia ukumbini kwa makalio, msimamizi wake akimfuata nyuma vivyo hivyo. Tangu siku ile Mzee Faustine, mtunza ukumbi, akaweka ndoo ya mchanga mlangoni. Wingu likitanda tu, anamwaga. Alinitania kwa hilo miaka yote. "Fundi," alikuwa akisema, "hii sakafu yako inakula mchanga kuliko kuku wangu wanavyokula pumba."

Kosa lile la majivuno ndilo lililokuja kukupa mchezo wako. Mji wetu ni wa mawe na vilima. Palipo na lami pana malori na bodaboda, na pasipo na lami pana makorongo. Mahali palaini pa kuteleza mtu juu ya ubao wa magurudumu madogo, wewe na wenzako mlipaona pale tu.

Naukumbuka ubao wenu wa kwanza. Mliupata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, na muuzaji mwenyewe hakujua anauza nini, alikuwa ameupanga pamoja na vyombo vya jikoni. Mlikuwa watatu mnaupokezana. Baadaye mkawa sita, halafu kumi, na mbao zikawa nne. Mimi nilidhani ni mchezo wa kupita, kama kuruka kamba. Wewe ndiye uliyenikalisha hapa hapa barazani ukanishika mkono kama mimi ndiye mtoto, ukanionyesha kwenye simu. Ukaniambia sketibodi imeingia Olimpiki. Kuna majaji, kuna alama, kuna ngazi na vyuma vimejengwa makusudi kwa ajili ya mchezo, na wasichana wadogo kuliko wewe wanavishwa medali huku mama zao wanalia.

"Siyo uhuni, baba," ukasema. "Ni kama riadha tu."

"Kwenye riadha watu wanakimbia kwa miguu yao," nikakujibu. "Wewe unabebwa."

Ulicheka sana. Ukaniambia nipande nijaribu kubebwa. Nilipanda, nikashuka kabla hujaniachia mkono, na mama yako alikuwa mlangoni anajifuta machozi ya kicheko kwa kanga. Jioni ile nilikuwa nakupenda kiasi ambacho sikujua niseme nini, kwa hiyo nikakukaripia kwa kuacha viatu mlangoni.

Hayo ndiyo ninayotaka uyakumbuke unaposoma yanayofuata.

Maneno yalianza kijiweni. Unajua wanaume tukikaa na kahawa hatuna kazi. Mmoja akasema, "Fundi, binti yako ana makovu magotini kama mchunga ng'ombe." Mwingine akauliza nitamwoza kwa nani. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilikuwa sicheki. Nilikutazama unaosha vyombo, nikatazama magoti yako, nikaona aibu. Nakwambia ukweli kama ulivyo. Sikuona aibu kwa ajili yako, niliona aibu kwa ajili yangu, kwamba watu wananiona baba asiyeiweza nyumba yake.

Halafu kuna siku nilikuwa juu ya jukwaa, napiga plasta nyumba ya ghorofa iliyo ng'ambo ya ukumbi. Hukujua kuwa nipo. Nilikuona unakuja kwa kasi kutoka getini. Ukaziruka zile ngazi tatu za kushukia ukumbini, ubao ukazunguka hewani chini ya miguu yako, ukatua juu yake ukaendelea kama mtu aliyepita tu kununua chumvi. Mwiko uliniponyoka. Wenzako walipiga kelele za kukushangilia. Mimi nilikasirika, na ilinichukua muda mrefu kujua kwamba hasira ile ilikuwa woga. Kila kitu ulichokijua mpaka siku ile, kutembea, kusoma, kuendesha baiskeli, nilikuwa nimekushika mkono wakati unajifunza. Hicho nilikuona nacho, nami sikukufundisha, na ukikosea sina la kukusaidia.

Wiki mbili baadaye wazee wa mtaa wakakutana. Kelele zimezidi, wakasema, magurudumu yanawasumbua watu wa mikutano, wasichana wanachanganyika na wavulana. Walimtaka Mzee Faustine awafukuze. Akakataa. Nilikuwepo, nilimsikia: "Watoto hawa hawaibi, hawavuti bangi, na wanafagia wenyewe kabla ya kucheza. Mimi nimfukuze nani?" Basi wakanigeukia mimi. Sakafu ni kazi ya Masanja, wakasema, yeye ndiye anayejua namna ya kuifanya isitelezeshe. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, Kabula. Nilikuwa nayo mkononi. Nikasema, "Nitaishughulikia."

Ilikuwa Jumamosi, wewe uko Sengerema kwa bibi yako. Nilikwenda na tindo na nyundo, nikaanzia getini nikaelekea ngazini, nikaidonoa sakafu yote. Mzee Faustine alinifungulia, akaniletea maji ya kunywa, akasimama kidogo.

"Fundi, una hakika?"

"Ni kwa usalama wao, mzee."

Akachukua kikombe chake akaondoka. Mpaka saa tisa alasiri sakafu yangu ilikuwa kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kila mahali nilipopiga nilijua nilivyopasugua siku zile za ujana wangu. Niliendelea. Mtu anaweza kuiona kazi yake mwenyewe ikiharibika chini ya mkono wake na bado mkono usisimame, hasa akishajiambia kwamba anafanya kwa ajili ya mwanawe.

Ulirudi Jumatatu na mfuko wa michembe ya viazi ya bibi. Ukautua mlangoni ukachukua ubao, ukatoka. Hata nusu saa haikuisha. Uliporudi nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Nilijiandaa kwa kelele, na majibu yangu nilikuwa nimeyapanga yote: usalama, heshima, masomo. Ukaja ukachuchumaa mbele yangu, macho yamejaa.

"Pole, baba," ukasema. "Wameiua sakafu yako."

Ulikuwa unanipa pole mimi. Ulikuwa umefikiria jasho langu kabla ya mchezo wako. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Asante, mwanangu."

Hilo ndilo kosa lenyewe. Kuidonoa sakafu lilikuwa jambo baya, lakini lile lingesameheka kabla ya chakula cha jioni kama ningefungua mdomo. Niliipokea pole ile nikaila. Uliuliza ni nani, nikatazama pembeni. Ukajijibu mwenyewe: funguo za geti anazo mtu mmoja. Sikusema ni yeye. Sikusema si yeye.

Tangu siku ile hukumpa Mzee Faustine shikamoo. Ulipita mbele yake asubuhi na jioni, ukienda shule na ukirudi, ukatazama mbele. Mtoto niliyemlea mimi na mama yako, anayemwamkia hata kichaa wa sokoni. Mtaa uliona. Mama yako alikugombeza, ukamwambia kuna watu shikamoo zao zimekwisha. Nilikuwa nakunywa chai. Niliinamia kikombe.

Nilikwenda kwake wiki ile ile. Nilimwambia, mzee, nitamweleza mtoto. Alikuwa anachambua mchele. Akaniambia maneno ambayo nimelala nayo karibu miaka miwili. "Muache kwanza. Akinichukia mimi anafunga mlango wake analala. Akikuchukia wewe, atalala wapi?" Alikuwa ananipa muda tu. Mimi nikaufanya kuwa ruhusa.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, sasa yajue kwa upande wangu. Mlipokosa sakafu hamkuacha mchezo. Mlihamia kwenye mteremko wa barabara. Niliposikia umeanguka, kwamba bodaboda ilikukwepa na wewe ukaikwepa, mkono umevunjika kwenye kifundo, nilikimbia mpaka hospitali nimevaa kandambili mbili za kushoto. Uliniambia hauumi sana. Ulikuwa umefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko, na mashindano ya Dar yalikuwa yamebaki wiki tatu, yale ambayo mlikuwa mkiyahesabia siku kwa kuchora mistari ukutani. Wenzako walikwenda. Wewe uliyatazama kwenye simu, umelala kifudifudi kitandani, nami nikakusikia unawashangilia mmoja mmoja kwa jina. Nilisimama nje ya pazia. Kama kuna saa ambayo ningepaswa kuingia, ilikuwa ile.

Badala yake nilinunua saruji. Nilikujengea ule mteremko nyuma ya nyumba, kati ya mawe mawili, pale mama yako alipokuwa na bustani ya mchicha. Niliupiga niru mpaka mikono ikachubuka, nikauwekea ukingo wa chuma, nikakuuliza pembe iwe nyuzi ngapi, ukanichorea kwa mkaa. Zile zilikuwa siku zetu nzuri, sitaki nizikane. Ulinifundisha majina ya miruko, nikayasahau, ukanifundisha tena. Ulinifundisha namna ya kuanguka. Nilidhani mtu anafundishwa kusimama tu. Ukasema hapana, baba, anayeogopa kuanguka anatanguliza kiganja na kiganja ndicho kinachovunjika. Lazima ukubali kwamba unakwenda chini, uuachie mwili ubingirike. Nilikuwa nakusikiliza, nimeshika mwiko, nikijua ninachoambiwa kinanihusu kuliko unavyodhani.

Kisha video zako zikasambaa, watu wa redio wakaja, ukawaambia mbele ya mji mzima: "Baba ndiye aliyenijengea, wengine walituvunjia." Nilizima redio. Mama yako akanitazama. Haikupita muda akanibana, na Jumapili iliyopita nikamwambia yote. Tangu hapo ananiwekea chai mezani bila kusema karibu. Usimlaumu kwa kukuficha hizi siku chache. Alisema hilo ni la kutoka mdomoni mwangu, na kwamba ukipanda basi na uongo huo, mimi na yeye tutakuwa tunazungumza kwa barua humu humu ndani.

Juzi ulikuwa unamweleza jirani jinsi mashindano yanavyokwenda. Ukasema mtu anapewa nafasi kadhaa za kuruka, na majaji wanachukua ile iliyo bora; hata ukianguka mara nne, ukitua ya tano umetua. Jirani akasema hayo ni mashindano ya huruma. Mimi niliingia ndani. Nimekuwa nikiamka kila siku nasema leo nitamwambia, na kila siku naanguka pale pale. Naomba hii ihesabike kuwa ni jaribio langu, hata kama nimechelewa na majaji wameshafungasha.

Huko Kampala unakokwenda kufanya mazoezi sijui kitu. Watakuwepo wasichana wa Uganda, wa Kenya, na wa nchi ambazo nazijua kwa redio tu, na mwaka mzima mtakuwa mnapimwa nani anafaa kupanda ngazi inayofuata. Siwezi kukushauri namna ya kuruka. Ninachokijua ni kidogo, na nilikinunua kwa gharama yako. Ukiona mwenzako anaondoka juu ya kitu usichokijua, na moyo ukakupanda, ngoja kabla ya kukiita hasira. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kesho yake kosa linakuwa limeshaanza kupanga nyumba na kuleta jamaa zake. Mimi nililifadhili la kwangu karibu miaka miwili, nikaliona linakula mezani petu.

Nimejivunia wewe, Kabula. Nilijivunia hata siku ile juu ya jukwaa, chini kabisa ya hasira. Nilishindwa kulisema, na nikishindwa kusema huwa nashika nyundo.

Sasa lililobaki. Mzee Faustine hajawahi kukusema vibaya, si kwangu wala kwa mtu. Ulipopata nafasi hii alikuja kunipongeza, akauliza kama mkono umepona sawasawa. Miguu yake imeanza kuvimba, siku hizi anafagia akiwa amekaa kwenye kigoda, anakivuta, anafagia, anakivuta tena. Mwaka mmoja ni mfupi kwako. Kwake sijui. Kesho atakuwa ameshafungua geti tutakapokuwa tunapita kwenda barabarani. Sikutumi na sikulazimishi, sina tena mamlaka ya kukutuma kwa hilo. Ukiona vema, simama umpe shikamoo yake. Huna haja ya kumweleza kitu. Kwamba umesimama tu, ataelewa kuwa nimesema.

Ya kwangu ni jambo jingine. Kila asubuhi umeniamkia, nami kila asubuhi nimeitikia nikijua ninapokea kilichokuwa haki ya mtu mwingine. Kesho nitakuwa nimeamka kabla yako, nitakuwa hapa barazani. Ukiniamkia, nitaitikia. Usiponiamkia, nitabeba begi lako hivyo hivyo mpaka stendi ya Nyegezi, na nitasimama chini ya dirisha lako mpaka basi liondoke.

Baba yako,
Masanja